Ngoma Iliyotunza Mbegu

Wageni kutoka Uingereza walituma ujumbe mapema kwamba hawataki kinanda. Walikuwa wanakuja kutembelea kanisa letu hapa Mkonze, kanisa lililozaliwa na misheni ya mababu zao, na walichotaka kusikia ibadani ni ngoma zetu za asili. Kamati ya maandalizi ilishtuka. Kinanda kilikuwa kimenunuliwa kwa michango ya muda mrefu, na kwaya ya vijana ilikuwa imeshashona sare za kuimbia. Lakini mgeni ni mgeni, na akiwa Mzungu basi ni mgeni zaidi, kwa hiyo wakaanza kuuliza ni nani kati ya waumini anayejua kupiga muheme. Ndipo mchana mmoja wa Oktoba, jua likiwaka kiasi kwamba hata kuku wamejibanza ukutani, walibisha hodi nyumbani kwangu wakimtafuta mama.

Mama ana miaka themanini na kitu. Yeye mwenyewe huhesabu umri wake kwa njaa na mavuno, si kwa kalenda. Anaishi nami tangu baba alipofariki. Siku alipohama kijijini, upande wa Bahi, aliacha kitanda na kabati, lakini ngoma yake aliipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo, ya mti, nyembamba kiunoni, na mpigaji huibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja. Siku hizi vikundi vya utamaduni huipiga uwanjani kiongozi akija mjini. Ya mama, hata hivyo, haikuwa na ngozi. Tangu nipate akili naiona ikiwa chombo cha kutunzia mbegu za uwele: mguu umezibwa kwa udongo uliochanganywa na samadi, na mdomoni kipande cha khanga kilichofungwa kwa kamba.

Habari ya ngozi ile kila mtu katika ukoo wetu anaijua. Mama alikuwa binti hodari wa kupiga muheme, akisifika vijiji na vijiji. Kisha akaingia dini, na siku ya ubatizo wake padri Mzungu akaichana ngozi ya ngoma kwa kisu mbele ya waumini wote, ili waone kwamba maisha yake ya zamani yamekwisha. Shangazi zangu ndivyo walivyonisimulia. Baba, aliyekuwa mwinjilisti, alikuwa akikitumia kisa hicho katika mahubiri yake, na mama akikaa benchi la mbele, ametulia, mikono mapajani.

Mimi nafundisha historia sekondari. Kila nilipofika mada ya athari za ukoloni, kisa hicho kilikuwa silaha yangu. Niliwaambia wanafunzi kuhusu mwanamke mmoja na ngoma yake bila kuwaambia kwamba ni mama yangu, na nilipofika kwenye kisu darasa lilinyamaza. Nina hasira za siku nyingi na mambo haya na sijawahi kuzificha. Nina hasira na tai ambayo baba aliivaa hata kwenye jua la kupasua mawe, akiamini Mungu hampokei mtu aliyeacha shingo wazi. Nina hasira na bibi zetu walioambiwa shanga zao ni uchafu, wakazitupa chooni. Nina hasira na wenzangu wanaomwita mtu mstaarabu kwa sababu tu anakula ugali kwa uma. Wanafunzi wangu wa zamani nikikutana nao mjini hunitania kwamba nikikosa Mzungu wa kumlaumu, nitamlaumu aliyempisha njia.

Mapenzi yangu ya historia yalianzia Kolo. Nilipokuwa msichana mdogo, mavuno yakiisha na baridi ya kipupwe ikianza, mama alikuwa akinichukua tukapanda basi hadi Kondoa, kisha tukaenda Kolo kwa kaka yake aliyekuwa na kibarua cha barabara. Tulikaa huko mpaka baridi ipungue. Mjomba alinipeleka mlimani kuona michoro ya kwenye mawe, watu warefu wembamba wa rangi nyekundu, na nikamuuliza ni akina nani hao. Hakujua. Nilikuwa nikisema siku zote kwamba swali lile ndilo lililonifanya mwalimu.

Basi kamati ikaketi sebuleni. Walimwamkia mama shikamoo mmoja mmoja, naye akaitikia marahaba, akawauliza habari za watoto na za mifugo mpaka akaridhika. Mwenyekiti wao, mzee wa kanisa na mstaafu wa serikali, alikuwa amevaa suti kamili pamoja na kizibao, na jasho lilikuwa likimtiririka hadi kwenye kola. Alieleza kwamba wakati umebadilika na sasa kanisa linaruhusu ngoma. Nikauliza ni nani aliyeruhusu. Akajikohoza, akasema ni wageni ndio walioomba.

Hapo nikapandwa na hasira. Nikawaambia waliokataza ni wao na walioruhusu ni wao, sasa katikati hapo sisi tulikuwa wapi? Mzee akanitazama kwa upole akasema hapa si darasani, mwalimu. Wengine wakainamia chai yao. Mama alisikiliza yote, kisha akasema atafikiri, na akaniagiza niwaongezee chai.

Lakini walipoondoka niligundua kwamba nami nataka apige. Nilitaka sana. Nilimwona akilini amekaa mbele ya madhabahu, muheme katikati ya mapaja, akipiga mbele ya waumini, kama ilivyochanwa ngoma yake mbele ya waumini, na Wazungu wakitazama. Niliona itakuwa haki imetendeka. Nilimwambia nataka kuipeleka ngoma yake Kizota ikawambwe upya. Hakujibu, akaendelea kuchambua mlenda wake, nami nikakichukulia kimya chake kuwa ndiyo.

Kizota, kati ya wachomeleaji wa mageti na maseremala wa vitanda, kuna fundi anayewamba ngoma za vikundi vya utamaduni. Aliupasua ule udongo wa mguuni kwa patasi, akanisifia mti wake, akasema miti ya namna ile haipatikani tena. Aliponikabidhi siku chache baadaye aliipiga kidogo kwa vidole kunionyesha, na kijana wa kuchomelea jirani akazima mashine yake kusikiliza. Nilirudi Mkonze nimeipakata, na njiani machozi yalinitoka. Nilikuwa na furaha.

Mama aliitazama ile ngozi mpya bila kuigusa.

"Mbegu zangu umeziweka wapi?" akauliza.

Nikamwambia zipo kwenye ndoo jikoni. Akainuka kwenda kuangalia kama ndoo ina kifuniko, maana panya wa Mkonze hawana adabu. Kesho yake alimtumia mwenyekiti salamu kwamba mikono yake haina nguvu tena, watafute wengine. Niliumia. Nilijiambia kwamba misheni imemkaa mwilini, kwamba hata akiruhusiwa hawezi tena kujiruhusu, na niliona huo ndio ubaya wenyewe wa kutawaliwa.

Kamati ikawaachia vijana wa kwaya. Walikodi ngoma, wakajifunza kupitia video za kwenye simu, wakasaidiwa na jamaa mmoja aliyewahi kucheza kwenye kikundi. Hakuna aliyekwenda kuwauliza wanawake wazee. Kwanza wazee wenyewe walikuwa wamezoea kutoulizwa, na pili vijana waliona kila kitu kipo kwenye simu.

Jumamosi jioni wageni walikaribishwa chakula ukumbini, nami nikapangwa kukaa nao kwa sababu ya Kiingereza changu. Niliwasimulia kisa cha ngoma na kisu. Sikukipunguza makali. Bibi mmoja wa makamo ya mama, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, aliweka kijiko chini na hakula tena.

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Wageni walikuja wamevaa vitenge na khanga. Wazee wetu walikuja wamevaa suti. Mambo yalikwenda vizuri mpaka wakati wa sadaka, vijana walipoingia na ngoma zao. Wavulana walikuwa wamezining'iniza shingoni kwa mikanda, jambo ambalo mama angelicheka siku nyingine, na wasichana wakiyumba mbele yao. Wakaanza taratibu, kisha wakaongeza kasi, mpigo mzito usio na nafasi katikati, ngoma moja ikidaka pale nyingine inapotaka kuacha. Lilikuwa jambo zuri mno. Wageni walisimama wakapiga makofi, wakainua simu zao.

Nikageuka kuangalia benchi la wanawake wazee. Hakuna aliyekuwa akipiga makofi. Walikuwa wameinamisha vichwa wote, na mmoja alikuwa amejifunika khanga usoni. Mama akasimama, akashika ukuta, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Nilimkuta ameketi kwenye saruji ya tangi la maji, kivulini. Nilidhani amezidiwa na furaha, au na uchungu wa kile alichonyang'anywa. Kabla sijamfikia, yule bibi wa Kizungu alinipita. Alikuwa analia. Alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya mama, akamshika mikono yote miwili, akasema kwa niaba ya watu wake anaomba msamaha kwa ngoma waliyomchania. Aliniomba nitafsiri, na nikatafsiri kwa Kigogo, neno kwa neno. Maneno yale nilikuwa nimeyasubiri maisha yangu yote.

Mama akaniambia, "Mwambie ainuke, atachafua nguo." Nikamwambia, akainuka, na mama akamfuta vumbi magotini kwa ncha ya khanga. Kisha akasema, "Mwambie asiniombe radhi kwa jambo nililolifanya mimi."

Nikamwomba arudie, nikidhani sijamsikia. Akarudia vilevile. Nikatafsiri. Mgeni alinitazama akidhani nimekosea, na mimi sikuwa na la kumsaidia, maana hata mimi sikuelewa. Mama akampigapiga kiganja kwa upole, akamwonyesha mlango wa kanisa, yaani arudi ibadani.

Alasiri hiyo mama alitandika mkeka barazani kwangu, akamimina mbegu kutoka kwenye ndoo, akaanza kuzipepeta katika ungo. Mvua za kwanza hazikuwa mbali na ana kijishamba chake nyuma ya nyumba. Nilikaa mbele yake. Sikumuuliza kitu, alianza mwenyewe.

Aliniambia kwamba mpigo ule waliopiga watoto wa kwaya una mahali pake. Ulipigwa mavuno yakiisha, wasichana walipoingizwa kwenye kibanda kukeketwa. Wanawake walikaa nje na muheme zao wakapiga kwa nguvu na kwa haraka ili kilio kisitoke nje kikawafikia mama zao na wanaume waliokuwa wakinywa pombe. Ndiyo maana mpigo ule hauna nafasi katikati. Mpigaji aliyeacha nafasi, kilio kilipenya hapo, na watu walimcheka. Mama hakuwahi kuacha nafasi. Sifa zake zote za vijiji na vijiji, nilizozisimulia darasani nikijivuna kimoyomoyo, zilitokana na hilo.

Mwaka ambao mdogo wake, aliyemfuata ziwa, aliingizwa kibandani, mama ndiye aliyeongoza ngoma.

"Nilipiga vizuri sana siku ile," akasema. "Sikumsikia."

Mdogo wake alivuja damu mpaka jioni, na asubuhi hakuiona. Walipotoka kumzika, mama aliichukua ngoma yake, akaenda nyuma ya zizi, akaichana ngozi kwa kisu cha kuchunia mbuzi. Hakukuwa na padri. Mama hata Mkristo hakuwa. Watu walisema msiba umemharibu kichwa na wakaanza kutafuta ngozi nyingine ya kuwambia ngoma yake, kwa kuwa mwaka unaofuata angehitajika. Alikimbilia misheni kwa sababu palikuwa mahali pekee ambapo hakuna mtu angemwambia apige. Padri aliiona ngoma iliyochanika, akauliza. Kiswahili cha mama kilikuwa kidogo na Kigogo cha padri kilikuwa kidogo zaidi. Jumapili iliyofuata padri aliwatangazia waumini kwamba binti yule amechana ngoma yake kwa kumpenda Yesu. Miaka ilivyokwenda watu wakakitoa kisu mkononi mwa mama, wakakiweka mkononi mwa padri, kwa sababu hivyo ndivyo walivyoweza kuamini.

Nilitaka kusema kitu kuhusu padri, kwamba hata hapo alimchukulia jambo lake, na lingekuwa kweli. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimelichukua jambo lilelile na kumpa padri tena na tena, darasa baada ya darasa.

Mama akapepeta, akapuliza makapi. Kisha akasema kwamba Kolo hatukuwa tukienda kutembea.

Sikuelewa mara moja. Akaniuliza kama nakumbuka tulikuwa tukienda wakati gani. Nikasema mavuno yakiisha. Akaniachia nifike mwenyewe, nami nikafika. Baba alikuwa mwinjilisti na shangazi zangu waliimba kwaya, na wote, kila mavuno yalipoisha, walitaka nipelekwe kama wasichana wengine. Walisema mtoto asiyepita hapo hataolewa, wala hatazikwa na watu. Mama hakubishana nao. Alifunga mzigo akasema kaka yake anaumwa. Mwaka uliofuata kaka yake aliumwa tena. Mjomba wangu aliugua kila kipupwe mpaka nilipokwenda sekondari ya bweni, na kumbe kila nilipomwona alikuwa mzima wa afya, akinipandisha mlimani kuona michoro.

Kwetu ilisemwa siku zote kwamba mimi sikukeketwa kwa sababu sisi tulikuwa Wakristo. Mimi nilisema hivyo pia. Niliwahi hata kukiri, shingo upande, kwamba hili moja wamisionari walitufanyia vizuri. Lakini binamu zangu walikuwa Wakristo kama mimi, tulibatizwa kwa maji yaleyale, na wote walipelekwa. Hilo nilikuwa nalijua. Sikuwahi kuliweka karibu na lile jingine na kuyatazama yote mawili kwa pamoja.

Nililia, na sikujificha. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii, akiwa amekaa pale mbele kanisani, baba akimhubiri.

"Mlikuwa mnajua tayari," akasema. "Baba yako alijua, padri alijua, wewe umesoma ukajua zaidi. Ya ngoma mkampa padri. Ya kwako mkaipa dini. Leo yule mama wa watu kaja kuniomba radhi. Sasa mimi nimefanya nini katika maisha yangu?"

Mada ya athari za ukoloni iko mbele yangu muhula ujao na sijui nitaianzaje. Hasira zangu sijaziacha. Tai ya baba bado inaniudhi, na shanga za bibi zetu bado ziko chooni. Lakini nimeanza kuona kwamba wakoloni wametukaa ndani zaidi ya nilivyofundisha, kwa maana hata mimi niliyejidhani nawapinga, nilipomwona mama yangu ametenda jambo kubwa nilitafuta kwanza Mzungu aliyelitenda.

Nilimuuliza kama amechukizwa na vijana wa kwaya. Akasema hapana, hawakujua. Muheme ni tamu, akasema, ina mipigo mingi, ya mavuno na ya harusi, na wanaotaka wapige. Atawaita wale wasichana awafundishe mingine kwa mdomo na kwa kujipigapiga mapajani, ili ule wasiurudie. Yeye mwenyewe mikono yake haitagusa ngozi tena.

Jua lilikuwa limeshuka kidogo. Alikusanya mbegu zilizopepetwa, akaniagiza nimletee ngoma, na udongo kidogo kutoka bustanini, na kisu cha jikoni. Nikaileta ngoma na ngozi yake mpya, nyeupe, iliyokazwa vizuri na fundi wa Kizota. Nikampa kisu. Hakukipokea.

"Ile ya kwanza niliikata mimi," akasema. "Hii ikate wewe, na ukisimulia, useme ni nani aliyekata."

Nikaikata.